Barua ya wazi kwa wakuu wa chuo: otomatiki haisomwi kwa kutazama

Lubumbashi, Haut-Katanga

Kwa Mheshimiwa Rekta,
Kwa Katibu Mkuu wa Masomo,
Kwa Dekani wa Kitivo cha Uhandisi na walimu wa programu ya mtandaoni ya otomatiki ya viwanda

Yahusu: ratiba, kazi za vitendo na mitihani ya wanafunzi walio kazini

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Barua hii inatoka kwa wanafunzi wenu wa otomatiki (uendeshaji wa mitambo inayojiongoza) wanaofanya kazi za kutwa: mafundi umeme, mafundi wa vipimo na waendeshaji mitambo wa viwanda vya shaba na kobalti, vya saruji na vya maji, kuanzia Kipushi na Lubumbashi hadi Likasi na Kolwezi. Kabla ya kuandika hadharani tulipitia mlango wa kawaida. Barua tatu zilipelekwa aparitora (ofisi ya wanafunzi), zote zikapigwa muhuri wa kupokelewa. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili tuliambiwa kwa mdomo kwamba "inashughulikiwa". Ya tatu tuliambiwa tuifuatilie ile ya pili. Jina la chuo hatuliandiki hapa. Mhusika atajitambua, na hatukuja kumwaibisha mtu.

Tuseme mapema tusichoomba. Hatuombi kote (alama) za bure wala diploma ya huruma. Masomo haya ni magumu na yabaki magumu. Ila ugumu wake uwe kwenye waya, kwenye hesabu na kwenye usalama wa watu. Sasa hivi ugumu mkubwa uko kwenye saa ya Kinshasa na bei ya mega (data ya mtandao), huku waya wenyewe hatujaugusa tangu programu ianze.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Ratiba haimjui mtu wa zamu

Ratiba yenu inasema masomo ya moja kwa moja ni 17:00 hadi 20:00. Hiyo ni saa ya Kinshasa. Huku Lubumbashi tuko saa moja mbele, kwa hiyo ni 18:00 hadi 21:00. Kila mwanzo wa muhula kuna wanafunzi wapya wanaoingia darasani na kukuta limeshaanza, au wanaokaa saa nzima mbele ya kioo kitupu, kwa sababu tangazo halikusema ni saa ya wapi. Neno moja kwenye tangazo lingemaliza hilo.

Kubwa zaidi ni zamu. Viwanda vingi vya huku vinazunguka kwa wiki tatu: wiki ya 6:00 hadi 14:00, wiki ya 14:00 hadi 22:00, na wiki ya 22:00 hadi 6:00. Tuhesabu pamoja. Wiki ya asubuhi, mwanafunzi anaweza kuhudhuria saa zote 3 za kila jioni. Wiki ya mchana yuko kiwandani: sifuri. Wiki ya usiku, basi la wafanyakazi linampitia mnamo 20:00, kwa hiyo anapata saa 2 kisha anafunga kompyuta. Jumla ni 5 kati ya 9, yaani karibu 56%. Kanuni yenu inadai mahudhurio ya 75%, la sivyo mtu haruhusiwi kufanya mtihani. Maana yake ni kwamba fundi wa zamu, hata asipougua hata siku moja na umeme usipokatika hata jioni moja, ameshazuiwa kufanya mtihani siku aliyojiandikisha. Na minervali (ada) alishalipa.

2. Mwaka wa krediti 60 umekatwa kwa kipimo cha mtu asiye na kazi

Katika mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) mwaka ni krediti 60. Ukichukua saa 25 za kazi ya mwanafunzi kwa krediti moja, ni saa 1,500. Zigawe kwa wiki 40: saa 37 na nusu kila wiki. Kanuni ya Kazi ya 2002 inaweka kikomo cha saa 45 za kazi kwa wiki. Jumlisha: 82 na nusu. Wiki ina saa 168. Toa usingizi wa saa 7 kwa siku, toa safari za kwenda na kurudi kazini za saa mbili kwa siku sita, na zinabaki saa kama tatu na nusu kwa siku za kula, kufua, kulea watoto, kusali na kwenda matanga. Saa hizohizo ndizo delestaji (mgao wa umeme) hupenda kuzila.

Mwanafunzi mfanyakazi hashindwi kwa sababu hesabu za Laplace zimemshinda. Anashindwa mwezi wa tano, akiwa na modyuli sita nusunusu.

Krediti 30 kwa mwaka zingempa saa 18 na dakika 45 kwa wiki. Hilo linabebeka.

3. TP (kazi za vitendo) zisizo na kitu cha kushika

Hapa tutakaa zaidi, maana ndipo diploma yenyewe inapopoteza thamani. Kazi zote za vitendo zinafanyika kwenye kioo. Tunaheshimu simuleta (programu ya kuigiza mitambo): inafundisha mantiki, haichomi kitu, na mtu anaweza kuirudia usiku wa manane. Lakini kuna makosa ambayo simuleta haiwezi kuyaonyesha. Mabaya zaidi ni yale ambayo inayafundisha.

Chukueni TP ya kwanza ya silabusi yenu: kuwasha na kusimamisha moteri. Kwenye kioo, kitufe cha kusimamisha kinatoa 0 kikiwa kimetulia na 1 kikibonyezwa. Mwanafunzi anachora kontakti iliyofungwa (inayopitisha ikipata 0) kwenye mchoro wa ngazi, yaani programu inayochorwa kama ngazi; moteri inawaka, inajishikilia, akibonyeza inasimama. Anapata 10 juu ya 10. Sasa mpelekeni kwenye kofre (kabati la umeme) halisi. Kitufe cha kusimamisha cha kiwandani kina mguso uliofungwa wakati wa kutulia, kwa hiyo volti 24 zinafika kwenye otomati (kompyuta ndogo inayoongoza mitambo) muda wote na biti ni 1. Ile kontakti iliyofungwa aliyoichora inafunguka, na moteri haiwaki kabisa. Afanyeje? Asiyefundishwa anabadilisha kitufe: anaweka chenye mguso ulio wazi. Moteri inawaka, bosi anafurahi, kazi imekwisha. Mpaka siku waya wa kitufe unapochomoka kwenye borna (kishikio cha waya) au kukatwa na koleo la mchimba mfereji. Siku hiyo mtu anabonyeza kitufe kwa mkono mzima, na ukanda wa mawe unaendelea kuzunguka.

Jibu sahihi ni dogo: acha kitufe chenye mguso uliofungwa, na ndani ya programu chora kontakti iliyo wazi (inayopitisha ikipata 1). Waya ukikatika, biti inakuwa 0 na moteri inasimama yenyewe. Kile kitufe chekundu cha uyoga cha dharura, nacho, hakitegemei otomati ya kawaida hata kidogo. Kinapita kwenye rele ya usalama inayokata umeme wa koili za kontakteri (swichi kubwa za moteri) moja kwa moja, na otomati inapewa habari tu. Jambo hili linafundishika kwa dakika 40 kwa waya, bisibisi na kofre moja. Katika mihula minne halijafundishwa.

Mfano wa pili ni kipimo cha usawa wa tanki. Silabusi inatumia Siemens S7-1200, CPU 1212C. Hatuna ubaya nayo, ni otomati inayokutana nasi kazini. Lakini miingilio yake miwili ya analogi iliyo ndani ya CPU inapokea volti 0 hadi 10, si miliampea. Kiwandani transmita nyingi (vifaa vinavyotuma vipimo) zinatuma miliampea 4 hadi 20. Basi huwekwa rezista ya ohm 500 sambamba na mwingilio: miliampea 4 zinakuwa volti 2, miliampea 20 zinakuwa volti 10. Ndani ya CPU, volti 10 ni 27648, na volti 2 ni 5530. Kwenye simuleta mwanafunzi anaandika tu namba kuanzia 0, na anahesabu kwamba 0 ni tanki tupu. Akiipeleka programu hiyohiyo kwenye tanki la mita 8, tanki tupu linasoma mita 1.6. Mtu anaagiza transmita mpya, na transmita haina kosa.

Kuna zaidi. Waya wa transmita ukikatika, namba inashuka hadi 0, na kwa hesabu sahihi usawa unakuwa mita 2 chini ya sifuri. Programu nyingi za wanafunzi zina mstari unaogeuza hasi yoyote kuwa 0, kwa sababu kwenye kioo hasi inaonekana mbaya. Kwa mstari huo mmoja, waya uliokatika unaonekana kama tanki tupu. Pampu inawashwa, inajaza, na asidi inamwagika huku skrini ikisema hakuna kitu ndani. Ndiyo sababu mkondo unaanzia 4 badala ya 0: ili waya uliokufa utofautiane na tanki tupu. Programu inapaswa kutangaza hitilafu mkondo unaposhuka chini ya miliampea 3.6, kama pendekezo NE 43 la NAMUR (chama cha watumiaji wa otomatiki viwandani) linavyosema, na kuzima pampu ya kujaza. Mwanafunzi akiuchomoa waya huo kwa mkono wake mara moja, hasahau tena.

Hata ile rezista ina somo. Kwenye miliampea 20, ohm 500 zinachukua volti 10, na kati ya volti 24 za alimantasyo (chanzo cha umeme) zinabaki 14 kwa ajili ya transmita na kebo. Transmita nyingi za waya mbili zinahitaji volti 10 hadi 12 ili zifanye kazi. Alimantasyo ikishuka kidogo, kipimo kinakwama juu na hakuna anayeelewa kwa nini tanki likikaribia kujaa ndipo kinaanza kudanganya. Ukichagua rezista ya robo wati, inabeba hadi wati 0.2 tanki likijaa na inazeeka haraka. Chukua ya nusu wati. Haya hayapo kwenye slaidi yoyote ya chuo.

Joto nalo. Silabusi inasema Pt100 (kipima joto) ina ohm 100 kwa nyuzi 0 na inapanda karibu ohm 0.385 kwa kila nyuzi. Sawa. Haisemi kwa nini zile za kiwandani zina waya tatu. Kebo ya shaba ya milimita mraba 0.75 ina karibu ohm 1 kila mita 43. Ukifunga Pt100 kwa waya mbili za urefu huo, ohm 2 zinaongezeka na skrini inaonyesha nyuzi 5 zaidi ya joto la kweli. Waya wa tatu upo ili kadi ipime upotevu huo na kuutoa.

Na PID (hesabu ya kidhibiti inayosahihisha mfumo). Tunafundishwa njia ya Ziegler na Nichols ya 1942: ongeza geni (nguvu ya masahihisho) mpaka mfumo uyumbe bila kukoma, pima kipindi, weka namba za kwenye jedwali. Hesabu ni nzuri, na mtihani wake ni rahisi kusahihisha. Lakini nani ataruhusiwa kuyumbisha kwa makusudi tanki la kulowekea madini ili apime kipindi? Kazini tunahitaji njia ya kusukuma valvu kwa 5%, kusubiri, kusoma ucheleweshaji na mwinuko, kisha kukokotoa. Tunahitaji pia kujua kutofautisha PID iliyowekwa vibaya na valvu inayokwama. Njia ni fupi: weka kidhibiti kwenye mkono (uendeshaji wa mtu). Mfumo ukiacha kuyumba, mkosaji yuko ndani ya mzunguko wenyewe, ni PID au ni valvu. Ukiendelea kuyumba, tafuta chanzo nje. Kisha sogeza valvu kwa 1% na 1% nyingine. Kama mtiririko hausogei halafu unaruka ghafla, mwite fundi wa valvu na uache namba za PID zilivyo.

4. Programu za kompyuta

TIA Portal, programu ya Siemens ya kuandikia otomati, inapendekezewa kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 16, na leseni ya majaribio inaisha baada ya siku 21. Muhula una wiki zaidi ya 15. Mwaka uliopita walimu wawili walidai kazi zitolewe kwa faili ya TIA Portal peke yake, bila chuo kutoa leseni. Kila mtu anajua wanafunzi walifanyaje, na si vizuri chuo kiwasukume huko.

CODESYS inapakuliwa bila malipo na ina simuleta ndani yake, na inatumia lugha za kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3 zilezile. OpenPLC ni huria na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani. Kanuni iwe kwamba kazi inasahihishwa kwa mantiki na kwa usalama wake, si kwa nembo ya programu iliyotumika. Jambo dogo la pembeni: wiki sita za lugha ya IL (orodha ya amri), ambayo toleo la 2013 la kiwango hicho lilishaitangaza kuwa ya kuachwa, zihamishiwe kwenye ST (maandishi yenye muundo). Kazini hakuna anayetudai IL.

5. Mega na umeme

Video ya darasa inayokwenda kwa megabiti 1.2 kwa sekunde inakula megabaiti 540 kwa saa. Kwa saa 18 za wiki ni karibu gigabaiti 10, kwa mwezi karibu 39. Sauti peke yake ya kilobiti 64 inakula megabaiti 29 kwa saa. Yaani somo lilelile, likitolewa kama sauti na slaidi za PDF, linatosha kwa nusu gigabaiti kwa wiki nzima. Nyingi ya slaidi zenyewe ni maandishi, hazina kitu kinachosogea. Tunalipia uso wa mwalimu kwa bei ya juu kuliko somo lake.

Rekodi mnazo, kwa sababu mwalimu anaposahau kuzima tunaona taa nyekundu ya kurekodi. Hatupewi.

6. Mitihani

Tarehe zinatangazwa saa 48 kabla. Ratiba ya zamu kiwandani inafungwa mwezi mmoja kabla, na kubadilishana zamu kunahitaji saini ya mtu wa pili na ya sefu wa ekipi. Tena, mfumo wa mtihani unamfungia nje mtu aliyepoteza mtandao zaidi ya dakika 5, naye anaandikiwa sifuri kama mwizi. Delestaji haina dakika 5.

7. Staji (mafunzo ya kazini)

Mtu mwenye miaka minane akifunga variateri (vidhibiti vya kasi ya moteri) na kurekebisha vipimo kiwandani anaambiwa aache kazi miezi mitatu akafanye staji ya kutazama kazi hiyohiyo kwa jirani. Ufaransa ina sheria ya kutambua ujuzi wa kazini tangu 2002. Kuiga hapa kungetufaa.

Tunajua majibu yatakayokuja, kwa hiyo tuyapokee mlangoni.

Mtasema: "Mlichagua wenyewe kusoma mkiwa kazini." Ndiyo, na ninyi mlichagua kuitangaza programu hii kwa maneno "kwa wafanyakazi". Neno hilo liko juu kabisa ya tangazo lenu la kuandikisha.

Mtasema tukipewa rekodi hakuna atakayehudhuria. Wekeni basi maswali matano mafupi mwishoni mwa kila rekodi, yafungwe baada ya siku 7, na yahesabiwe kama mahudhurio. Anayejibu maswali kuhusu kilichosemwa dakika ya 50 amesikiliza. Yule wa darasa la moja kwa moja aliyezima kamera na kwenda kupika hatuna uhakika naye.

Mtasema wizara hairuhusu kugawa mwaka. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ndiyo iliyofungua njia ya LMD, na msingi wa krediti ni kulimbikizwa: iliyopatikana haipotei. Kama kuna waraka unaokataza krediti 30 kwa mwaka, utoeni tuusome.

Mtasema maabara ni ghali. Hili ndilo jibu lenye uzito, kwa hiyo hatulijibu kwa maneno matupu. Tumepanga benchi moja kipande kwa kipande.

Otomati ndogo moja yenye miingilio ya dijitali 8, mitokeo 6 na miingilio ya analogi 2. Alimantasyo ya volti 24, ampea 5. Disjonkteri (swichi za kinga) mbili. Kontakteri mbili za koili ya volti 24 za DC, kila moja na diodi ya 1N4007 sambamba na koili ili kumeza mruko wa volti inapozimwa (diodi ikigeuzwa ni shoti na mtokeo wa otomati unakufa, kwa hiyo mwalimu aikague kabla ya kuwasha). Rele ya joto moja. Rele ya usalama moja na uyoga wa dharura wenye miguso miwili iliyofungwa. Vitufe vitatu, taa tatu. Pt100 ya waya tatu na transmita yake. Madumu mawili ya lita 20, pampu ndogo ya volti 24 na transmita moja ya usawa. Variateri ya kilowati 0.37 inayoingia umeme wa fazi moja, na moteri ya volti 230/400 iliyofungwa kwa delta (mtindo wa volti 230). Wanafunzi wataifunga kwa nyota (mtindo wa volti 400), moteri itakosa nguvu, watailaumu variateri, na hilo ni somo tosha la Jumamosi moja. Rezista za ohm 500, fyuzi za akiba, multimeta.

Benchi 6 za namna hii, wanafunzi 3 kila benchi, makundi mawili kwa Jumamosi: wanafunzi 36 kwa siku. Jumamosi mbili kwa mwezi zinatosha wanafunzi 72, kila mmoja akipata saa 4 za kushika waya kwa mwezi. Si vyote vinahitaji kununuliwa. Kila kiwanda kinapobadilisha mfumo, otomati za zamani, kontakteri na variateri zinazofanya kazi bado zinalala kwenye depo mpaka zinaota kutu. Barua yenye muhuri wa chuo ingeweza kuzitoa humo. Barua ya mwanafunzi haiwezi, tumejaribu. Viwili tu visikubaliwe vikuukuu: rele ya usalama na alimantasyo.

Na msituambie simuleta inatosha kwa sababu vyuo vya nje vinafanya hivyo. Mwanafunzi wa nje akimaliza anapokelewa na fundi mzoefu mwenye kofre ya mafunzo. Huku, mara nyingi yule aliyetoka chuoni ndiye anayekabidhiwa ufunguo wa kofre Jumatatu ya kwanza.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, tunaomba:

a) Kila tangazo liandike saa ya Lubumbashi pamoja na ya Kinshasa, kuanzia wiki ijayo. Hili halina bajeti.

b) Rekodi za masomo zitolewe ndani ya saa 24, zikiwa na toleo la sauti na PDF, na maswali ya mwisho yahesabiwe kama mahudhurio kwa mwenye cheti cha zamu kutoka kwa mwajiri wake.

c) Njia ya krediti 30 kwa mwaka, na ada igawanywe kwa krediti, si kwa mwaka. Mtu asilipie 60 akisoma 30.

d) Tarehe za mitihani zitolewe siku 30 kabla, na mtihani wa kila modyuli ufanyike pia katika ukumbi mmoja hapa Lubumbashi, siku ya Jumamosi, kwenye karatasi. Mchoro wa ngazi unachorwa vizuri sana kwa kalamu. Aliyekatikiwa umeme arudie ndani ya wiki mbili bila kupelekwa seshoni ya pili (mitihani ya marudio).

e) Benchi mbili za kwanza ziwe tayari kabla ya muhula ujao, nne zinazobaki ndani ya mwaka. Diploma isitolewe kwa mtu ambaye hajafunga kofre ya kuwasha moteri, akachomoa waya wa kusimamisha mbele ya juri, na moteri ikasimama.

f) Staji ibadilishwe kwa waliokwisha kazini miaka miwili: ripoti ya kiufundi ya mfumo mmoja wa kiwandani, pamoja na mahojiano ya juri. Ripoti isifichue siri za mwajiri. Kuna vya kutosha vya kueleza bila hizo.

g) TP ikubaliwe kwa programu yoyote inayofuata IEC 61131-3.

Kama kuna ombi lisilowezekana, tunaomba tuambiwe ni lipi na kwa nini, kwa maandishi. "Inashughulikiwa" hatutaihesabu kuwa jibu. Tunaomba jibu hilo ndani ya siku 21, ambazo, kwa bahati, ni urefu wa ile leseni ya majaribio.

Tuko tayari pia kukutana nanyi Jumamosi yoyote baada ya 14:00, hata wale wa zamu ya asubuhi watawahi. Tutahitaji meza moja na plagi ya 220. Otomati, kitufe chenye mguso uliofungwa, moteri na bisibisi tutakuja navyo wenyewe. Mheshimiwa Dekani ataombwa achomoe waya.

Kwa heshima,

Wanafunzi wafanyakazi wa programu ya mtandaoni ya otomatiki ya viwanda
Lubumbashi, Kipushi, Likasi na Kolwezi

Nakala: aparitora ya chuo, pamoja na picha za zile barua tatu zenye muhuri